Dirisha Jeusi na Boti ya Mwamgongo

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeanza rasmi kazi ya kompyuta. Ofisi ya boti, ufukweni Kibirizi. Kiti kimoja, kompyuta moja, watu wawili: mimi na Shadia. Tatizo ni Shadia.

Mzee Leonardi, bosi wetu, ametupanga mstari kama wanafunzi waliochelewa. Akasema wiki hii ni ya majaribio. Siku moja Shadia, siku moja mimi, mpaka Jumamosi. Atakayefaa anabaki na kiti. Atakayeshindwa anavaa gambuti, anashuka majini kupakia mizigo na kuandikisha abiria kwa daftari. Kisha akazitazama gambuti zilizokuwa mlangoni. Namba arobaini na tatu. Shadia anavaa thelathini na saba. Sikupenda alivyozitazama.

Kazi yenyewe ni hivi. Boti ya Mwamgongo inaondoka saa sita mchana. Kabla ya hapo orodha ya abiria ichapwe, akabidhiwe mkaguzi. Hakuna karatasi, hakuna safari. Karatasi ikisema sitini, boti imejaa, mwisho wa habari. Programu ya orodha aliiandika Fundi Hatungimana wa Ujiji zamani sana. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Unafungua dirisha jeusi, wajuzi wanaliita teminali, unaandika kwa kibodi tu: jina, umri, anakoshuka. Kila ukiingiza mtu mmoja, programu inaandika upya orodha nzima tangu abiria wa kwanza, ili uhakiki kwa macho.

Leo ilikuwa zamu ya Shadia. Nimeliona dirisha lake. Jeusi tupu, herufi nyeupe. Kama umeme umekatika na mtu kamwaga mchele. Nimecheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshamaliza, anakunywa chai.

Jioni nimemwambia Bibi Révérienne kwamba nimekalia kompyuta. Habari za Shadia na gambuti sikuzigusa. Bibi ndiye aliyenilea. Kidato cha pili kiliposhindana na mimi kikanishinda, majirani wote walikuwa na la kusema, yeye peke yake alinyamaza akanipakulia ugali. Sasa mtaa wetu mzima wa Kasingirima umeshatangaziwa. Tena Jumamosi anasafiri kwenda Mwamgongo. Jumapili kitukuu chake anabatizwa, na wamesema ni yeye atakayembeba mpaka mbele. Anataka jina lake kwenye orodha niliandike mimi, kwa mkono wangu.

Nikamwambia, Bibi, hilo dogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Zamu yangu. Nimefika mapema, kabla hata ya mbwa wa gatini.

Kila mtu ana nywila yake, kwa hiyo chumba changu ndani ya kompyuta ni changu. Nikachomeka flashi ya mshikaji wangu mmoja wa stendi. Ndani kuna dirisha la kisasa. Si kioja kile cha Shadia! Hili linapitisha mwanga kama kioo cha gari la harusi. Nyuma ya herufi nimeweka picha yangu nimeegemea boti, miwani ya jua, mikono kifuani. Herufi za kijani, zinawaka pembeni, kila moja ina kivuli chake. Orodha ikipanda inateleza polepole kama mafuta ya mawese kwenye sahani. Abiria waliokuwa kwenye dirisha la ofisi wakawaita wenzao waje waone. Mama mmoja akauliza kama hii ni televisheni.

Abiria walikuwa ishirini na wawili tu. Orodha ikachukua saa nzima na ushee. Boti ikachelewa kuondoka kwa robo saa. Nahodha Martini akapanda ngazi mpaka ofisini, suruali imekunjwa magotini, akasema ziwa halimsubiri mtu, mchana upepo ukigeuka yeye ndiye anayelowa, si mimi na picha yangu. Mzee Leonardi akatazama saa. Akaandika kitu kwenye kidaftari chake. Kifupi. Sikupenda ufupi wake.

Si kosa langu. Vitu vizuri vina mwendo wake. Bwana harusi huwa hakimbii.

Jumatano, 8 Oktoba

Zamu ya Shadia. Nimejibanza nyuma ya pipa la maji na simu, nikawasha saa ya kupimia. Upelelezi.

Matokeo: abiria arobaini na mmoja, dakika ishirini na tatu. Akigonga herufi, herufi ipo. Hata kidole hakijainuka. Orodha nzima inaandikwa upya kufumba na kufumbua. Nikawaza, huyu ana hirizi. Nikachungulia chini ya kibodi alipokwenda kunawa mikono. Palikuwa na kipande cha andazi.

Akanikuta nimeinua kibodi. Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Shadia, hakasiriki. Akaniambia nikae. Akachukua orodha ileile ya leo, akaiamuru programu iiandike moja kwa moja kwenye faili bila kuionyesha. Hata sikuona ilipoanza. Akaionyesha kwenye dirisha lake. Ilipita kama kipanga. Kisha akaniomba nifungue chumba changu, tukaipitisha kwenye dirisha langu lenye picha. Tukangoja. Akamenya chungwa. Akala kipande. Akanipa kipande. Orodha ilikuwa imefika abiria wa tisa.

Nikasema basi programu imechoka. Akacheka, akanipeleka mlangoni, akanionyesha vijana wa mizigo chini, wamepanga mstari toka mchangani mpaka botini, wanapokezana magunia. Akasema nimtazame yule wa mwisho, aliyesimama ukingoni mwa boti. Kijana alikuwa anajipiga picha kwa simu. Nyuma yake watu tisa wamesimama, kila mmoja na gunia kichwani.

“Programu ya Fundi ndiyo hao tisa,” akasema. “Imeshamaliza kazi zamani, imesimama na gunia, inalisubiri dirisha lako limalize kujiremba. Na wewe unasubiri nyuma yake. Mtu anayeshinda siku nzima anaandika humo, Bariki, akisubiri kila herufi mwisho anasahau hata alichotaka kuandika.”

Nikamwambia nimeelewa.

Nimeelewa kweli. Tatizo ni magunia. Magunia ni mazito. Yaani majina ni marefu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Zamu yangu. Mbinu mpya, ya kisayansi.

Angalia majina ya watu wetu. Mimi mwenyewe baba yangu ni Ntahomvukiye. Herufi kumi na mbili! Jina moja la Kirundi ni hotuba nzima, lina kiima, lina kiarifu, lina hata malalamiko ndani. Dirisha gani litabeba hotuba arobaini? Kwa hiyo leo kila jina nimelikata. Herufi tatu za mwanzo, basi. Picha sikuigusa.

Na ikaenda haraka kidogo, nasema kweli mbele ya Mungu. Dakika kumi nimeokoa. Nikampungia Shadia mkono. Boti ikaondoka saa sita na dakika tano. Mzee Leonardi akasema afadhali. Afadhali! Nikazitazama gambuti kwa dharau.

Saa kumi na moja simu ikapigwa kutoka ziwani.

Kumbe Nahodha Martini huwa anasoma orodha kila kijiji wanapotia nanga. Anaita jina, mtu anashuka na mzigo wake. Alipofika Mtanga akaita Nta. Wakasimama watu watano. Akauliza Nta yupi. Kila mmoja akasema ni yeye. Akaita Hat, wakasimama wanne, mmoja wao anakwenda mbali kabisa na kule lakini alidhani ameamriwa. Mzee mmoja ameshushwa kijiji kisicho chake, kuku wake amesonga mbele peke yake mpaka Mwamgongo. Boti ikabidi irudi kumfuata mzee. Kuku alipokelewa vizuri na wenyeji wakidhani ni zawadi ya mtu.

Mzee Leonardi hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua boti ikizama karatasi ile ndiyo inayosema nani alikuwamo. Nikasema najua. Akauliza, je, angewaambia ndugu zao kwamba tunamtafuta Nta?

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu, bila kumchokoza mtu hata mmoja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeamka na akili mpya. Majina nitaandika yote, kamili, mpaka herufi ya mwisho. Mzee ana haki. Lakini dirisha likichelewa, kwani mimi nimefungwa kamba? Nitalitangulia. Nitaandika bila kutazama kioo. Herufi zitanikuta mbele.

Shadia leo ameingiza hamsini na watatu kabla chai haijapoa. Nikajifanya nasoma bango la maboya. Alipomaliza akaniita pembeni. Akasema kesho Jumamosi boti itajaa, akasema anajua Bibi yangu anasafiri, Bibi alimwambia mwenyewe juzi alipokuja kuulizia saa. Akaniambia nitumie dirisha lake. Ataliweka chumbani kwangu kwa dakika moja, hata nywila sitahitaji kubadilisha.

Nikakataa. Sijawahi kuazima hata shati.

“Basi angalau zima picha,” akasema.

Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Nimeikuza ienee kioo chote, maana Jumamosi Bibi atakuwepo na macho yake si mazuri.

Jioni nimefanya mazoezi ya vidole juu ya meza ya jikoni. Nimechora kibodi kwa mkaa. Nikagonga majina, macho nimefumba. Bibi alikuwa anakunja kitenge chake kipya kwenye begi, akasimama kusikiliza. Akadhani napiga ngoma. Akatikisa mabega kidogo, mara mbili tu, kisha akaona aibu akaendelea kukunja. Ameweka dumu dogo la mawese, sabuni ya mtoto, na kofia nyeupe aliyoifuma mwenyewe. Kofia imekuwa kubwa. Akasema kichwa kitakua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga. Sitaki kuandika. Naandika.

Foleni ilifika mpaka kwenye mitumbwi. Bibi alikuwa wa ishirini na tisa. Nilimwambia apite mbele, akakataa, akasema hata mjukuu wake akiwa ndiye mwenye mlango, foleni ni foleni. Nyuma yake walikuwepo wengine ishirini.

Nikaanza saa tatu na nusu. Watano wa mwanzo, safi kabisa. Vidole vinakimbia, miwani yangu inang’aa nyuma ya herufi. Kufika wa kumi, dirisha likaanza kujikokota. Naandika jina, halionekani. Kioo kinaonyesha bado abiria wa juu, wanateleza mmoja mmoja kwa mbwembwe zao. Nikajiambia songa mbele, Bariki. Nikaandika. Halafu wasiwasi ukaniingia. Je, kama halikuingia? Nikaandika tena. Kwa usalama. Hata wale wa mwanzo nikawarudia, na kila aliyefuata ndivyo hivyo: jina, kimya, jina tena. Kulikuwa na mwenye mbuzi mmoja, lake lilichelewa zaidi, na mimi ni mtu wa uhakika, nikaliandika mara sita.

Kumbe yote yalikuwa yanaingia. Dirisha lilikuwa linachelewa kuonyesha tu. Programu ilikuwa inapokea kila neno na kungoja, na gunia lake kichwani.

Bibi akafika kwenye dirisha la ofisi. Kitenge kipya, begi begani, amesimama wima kama anapigwa picha. Akataja jina lake lote, polepole, ili nisikosee. Nikaandika. Tukangoja. Kwanza yakapita majina yote ya juu. Kisha yakatokea maneno mawili, ya kijani, yanawaka na vivuli vyake: BOTI IMEJAA.

Bibi hajui kusoma vizuri. Akauliza ndilo jina lake lile?

Orodha ikijaa, programu inaichapa yenyewe. Hapohapo Nahodha Martini akapanda ngazi na mkaguzi nyuma yake, akachukua karatasi. Karatasi inasema sitini. Botini wamekaa ishirini na wanane na mbuzi. Nahodha akauliza hao thelathini na wawili akawatafute wapi, chini ya maji? Mkaguzi akasema yeye hana ugomvi na macho ya mtu, yeye anafuata karatasi, na karatasi imejaa. Ilikuwa saa tano na nusu. Mzee Leonardi akasema ziwa limeanza kuchafuka, saa sita ikipita boti inalala, mpaka Jumatatu.

Na ubatizo ni Jumapili.

Nikamtazama Bibi. Aliweka begi chini, taratibu, na kofia ile nyeupe ilikuwa imechomoza juu. Nilitamani ardhi ya Kibirizi ipasuke nishuke nayo.

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, iandikwe hivyo. Nilisimama mwenyewe nikamwita Shadia. Nikamwambia kaa.

Akakaa. Akafungua chumba chake, lile dirisha la mchele uliomwagika, akaanza orodha mpya. Akaniambia nisome majina kwa sauti. Nikapanda juu ya benchi nikaita watu mmoja mmoja, jina, umri, anakoshuka, na yeye anagonga. Nikitamka, limeshaingia. Nikivuta pumzi, orodha nzima imeshajiandika upya, tunamngoja anayefuata. Ntahomvukiye wa ukoo mwingine akapita bila kukwama popote. Herufi kumi na mbili, kama si kitu. Kwa mara ya kwanza wiki hii aliyekuwa anachelewesha kazi ni mimi, si dirisha, koo lilikauka.

Arobaini na tisa. Saa sita kasoro dakika nne, karatasi ilikuwa mkononi mwa mkaguzi.

Shadia alimwita Bibi aje azunguke meza, akamwekea kidole kwenye kioo. Bibi akalifuata jina lake kwa kidole chake mwenyewe, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Lilikuwa limetulia pale, jeupe, halikatwi wala halitelezi. Akamshika Shadia kichwani kwa mikono miwili.

“Imana iguhezagire, mwana wanje,” akasema kwa Kirundi, yaani Mungu akubariki, mwanangu. Kisha akanigeukia mimi. “Bariki, mjukuu wangu. Nilikuja kupanda boti. Sikuja kuangalia sinema.”

Akanishika shavu. Mkono ulikuwa unanuka mawese. Nikabeba begi lake, nikaingia majini na viatu vyangu vya kazini nikamkalisha mwenyewe, upande usiopigwa na jua.

Niliporudi juu, Mzee Leonardi alikuwa ameshika mlango. Alionyesha kwa kidevu.

Zimenienea vizuri sana, zile gambuti.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakuna boti leo. Nyumba kimya. Nimepika mwenyewe, ugali umekuwa uji, nimeunywa.

Saa tisa Bibi amepiga simu kutoka Mwamgongo. Mtoto amebatizwa. Amelia sana, maji yalikuwa ya baridi, kofia imemfunika macho akanyamaza. Kumbe ukubwa ulikuwa na kazi. Bibi akasema amewaambia watu wa huko kwamba mjukuu wake alisimama juu ya benchi akasoma majina ya watu arobaini na tisa bila kukosea hata moja, kwa sauti kama ya katekista, na watu wote wa ufukweni wakanyamaza kusikiliza. Habari za picha na maneno ya kijani hakuwaambia.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia. Akasema hakuona vizuri, macho yake si mazuri.

Vumbi ni jingi hapa Kasingirima. Linaingia machoni hata ndani ya nyumba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya kwanza majini. Magunia si mchezo. Nimesimama wa mwisho kwenye mstari, ukingoni mwa boti, na simu nimeiacha ofisini kwa makusudi. Nahodha Martini ameniita Nta asubuhi nzima. Nimezoea.

Saa saba, boti ikiwa imekwenda, Shadia ameniruhusu nikae kwenye kiti nijifunze. Amefungua dirisha lake mwenyewe na programu ya Fundi, akaniambia niandike majina ya kubuni mpaka vidole vizoee, yeye anakwenda kuswali na kula. Ametuamini, mimi na kompyuta. Binti ana moyo.

Nimeandika majina thelathini. Sasa naweza kusema kwa uzoefu: ni kasi mno. Unagonga, limetokea. Orodha inapita kabla hujajisikia kwamba umefanya kitu. Nikawakumbuka abiria wa asubuhi. Shadia amewaandikisha wote thelathini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyemsifu. Watamsifia nini? Hawajaona kitu! Mtu anaokoa boti nzima Jumamosi, Jumatatu wanampita kama mlango wa choo. Imeniuma. Mimi kiti nimekosa, sawa, lakini yule dada anastahili kutazamwa.

Kwa hiyo nimemwandalia zawadi. Picha sijaweka, rangi sijaweka, kivuli sijaweka. Hayo nimeacha, mimi ni mtu mzima sasa. Nimefungua tu faili la programu ya Fundi, nikaongeza amri moja ndogo ambayo rafiki yangu wa stendi alinifundisha, ya kuiambia programu ipumzike. Kila inapoandika upya orodha nzima, kwa kila jina inatulia kidogo ili watu walione, ndipo iandike linalofuata. Kesho ni siku ya soko, abiria watakuwa sitini.

Sekunde moja tu kwa kila jina. Nani ataichukia sekunde moja?